Niliomba waniombee uhamisho, bibi akaomba nioneshwe anavyoona Mungu

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 31. Nimeolewa, mume wangu yuko Dar es Salaam, anafanya kazi bandarini. Mtoto hatujajaliwa bado. Ajira yangu ilipotoka nikapangiwa Makete, mkoa wa Njombe, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Dar nilikuwa nasali usharika mkubwa wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania). Kila Jumapili ibada tatu, kwaya zinapokezana, ukichelewa unakaa nje kwenye turubai. Niliimba kwaya ya vijana tangu kipaimara. Huku nasali mtaani, yaani kikanisa kidogo kilicho chini ya usharika. Jumapili ikiwa nzuri tunafika thelathini, na nusu yetu ni watoto. Jengo ni la tofali za kuchoma, halijapigwa lipu, madirisha mawili yamezibwa kwa mbao ili upepo usiingie. Mwinjilisti wetu ni mkulima wa viazi. Mchungaji ana mitaa mingi, tunamwona siku za Chakula cha Bwana. Kinanda hakuna. Mama mmoja ndiye anayeanzisha nyimbo, na akianzia juu, ubeti wa pili wote tumekata pumzi. Baada ya ibada ni mnada wa mayai, kabeji na viazi, na macho yote yananigeukia mimi kwa kuwa nina mshahara.

Kusema kweli Jumapili nyingi siendi. Napanda kilimani nyuma ya shule, mtandao unakamata kule, nafuatilia ibada ya Dar kwenye simu. Nalia peke yangu, nateremka.

Nimeomba uhamisho wa kumfuata mwenza, majibu bado. Marafiki zangu wananitumia Yeremia 29:11 kila wiki. Mmoja akaniunganisha na mtumishi anayetoa unabii kwa simu. Huyo ameniambia kabla mwaka haujaisha nitakuwa nimerudi Dar, ila kuna kifungo cha ardhi ya huku kinanishikilia, na nitume sadaka ya laki tatu akivunje.

Jumapili iliyopita nilikwenda mtaani. Mwinjilisti akauliza nani ana hitaji. Nikasimama, nikaomba waniombee uhamisho upite. Akainuka bibi mmoja wa benchi la mbele, amejifunika blanketi mabegani. Wanasema amezika watoto watatu na amelea wajukuu sita. Akaomba kwa Kikinga, lugha ya wenyeji wa huku, muda mrefu, akamalizia kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie: "Baba, mwalimu amekuambia anavyoona yeye. Sasa mwonyeshe unavyoona wewe." Uhamisho hakuutaja. Watu wakaitikia Amina, tukaendelea na matangazo. Tulipotoka akanishika mkono akaniuliza mume wangu anaitwa nani. Nilikuwa nimekasirika, nikamwambia nawahi, nikaondoka.

Mama, kutafuta mtazamo wa Mungu maana yake nini hasa? Ni kuambiwa ninyamaze, nikubali kukaa? Kanisa kama hili linanitosha, au niendelee na ibada ya simu? Na huyo mtumishi nimtumie?

Mwalimu, Makete

*

Marahaba mwanangu. Pole na upweke, pole na baridi, na pole zaidi kwa kukaa mbali na mwenzio. Ndoa changa kuishi kwa simu ni mzigo, wala sitakwambia kwamba ni jambo dogo.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu linaweza kukugharimu leo jioni. Usimtumie huyo mtu hata shilingi. Kama umeshaanza kumtumia kidogo kidogo, acha, na namba yake ifute. Mungu hauzi barua za uhamisho, na ardhi ya Makete haina kamba ya kumfunga mtoto wake. Watu wanaozaliwa, kuoa na kuzikwa katika ardhi hiyo ni wa Bwana sawasawa na wewe. Hebu fikiria huyo mtumishi anasema nini juu ya bibi aliyekuombea: kwamba anaishi maisha yake yote ndani ya laana ambayo wewe unalipia laki tatu kuikimbia.

Marafiki zako wanakutumia Yeremia 29:11, na ni neno zuri. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Ila wanakutumia mstari mmoja uliokatwa kutoka katika barua ndefu, na barua yenyewe inakuhusu kuliko wanavyodhani. Fungua Biblia uanzie sura ya 28, usome mpaka katikati ya 29, kwa utulivu, siku ambayo huna daftari za kusahihisha.

Utakuta watu waliohamishwa bila hiari. Mfalme Nebukadreza alikuwa amewachukua kutoka Yerusalemu mwaka 597 K.K., pamoja na mfalme wao kijana, akawapeleka Babeli. Huko nyumbani akatokea nabii mmoja, Hanania, akatangaza hekaluni mbele ya makuhani na watu wote kwamba ndani ya miaka miwili watarudi, wao na vyombo vya hekalu. Unaona? Tarehe kamili, na habari ambayo kila mtu alitamani kuisikia. Sasa soma Yeremia alimjibu nini, maana watu wengi huruka hapo. Alisema, "Amina, Bwana na atende hivi." Yeremia naye alitamani warudi! Hakuona dhambi kutamani nyumbani. Alichokataa ni kuweka matamanio ya watu kinywani mwa Mungu na kuyaita unabii. Hanania hakumaliza mwaka ule, na waliosubiri miaka miwili yake walisubiri bure.

Ndipo Yeremia akawaandikia waliokuwa Babeli. Jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, zaeni. Kisha jambo ambalo naamini liliwachoma kuliko yote: "Kautakieni amani mji ule, ambao nimewafanya mchukuliwe mateka, mkauombee kwa Bwana; kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Mji wa adui zao, wauombee. Baada ya hapo akawaambia muda wenyewe, miaka sabini, na baada ya miaka sabini ndipo unakuja ule mstari wa 11 unaotumiwa kila wiki.

Hebu tazama hali ilivyokuwa. Wao waliuona Babeli kama mahali Mungu alipowasahau. Mungu aliuona Babeli kama mahali alipowaweka kwa muda, akakusudia wale, wazae, waombe, wawe baraka, na siku ikitimia awarudishe. Mji ni uleule mmoja. Tofauti ilikuwa katika jicho linaloutazama, na hawakuweza kulipata jicho hilo kwa kukaa ukingoni mwa mto wakihesabu siku. Ilibidi waambiwe, halafu waanze kupanda bustani.

Hicho ndicho alichokuombea yule bibi, mwanangu. Naelewa kwa nini ulikasirika. Ulisimama mbele ya watu ukafungua moyo, ukategemea asukume ombi lako kama lilivyo, naye akaliacha palepale ulipoliweka. Lakini yasome tena maneno yake. Hakusema "Baba, mkatalie." Hakusema "mfundishe kuridhika." Alikubali kwamba umeshamwambia Mungu unavyoona, na kwamba Mungu amesikia. Akaomba kitu kimoja juu ya hapo, kwamba na wewe usikie upande wa pili. Mimi naona ni ombi la mtu ambaye amekwisha kuomba mengi maishani, mengine yakajibiwa na mengine yakaishia kaburini, na bado Jumapili anakaa benchi la mbele. Mtu kama huyo akiniombea, nasikiliza.

Basi, kutafuta mtazamo wa Mungu si kunyamazishwa. Uhamisho endelea kuuomba, kwa Mungu na kwa mwajiri. Kumfuata mwenza ni sababu halali kabisa, usiione haya. Fuatilia mfumoni, hakikisha nakala ya cheti cha ndoa imeambatanishwa, ongea na mkuu wako wa shule bila ugomvi, ulizia kama kuna mwalimu wa huko Dar ambaye kwao ni Njombe na angependa mbadilishane. Na akitokea mtu, awe mzee wa kanisa au mwalimu mwenzako, akakwambia kwamba mke mwenye imani haulizii uhamisho, mkatalie kwa heshima. Mungu aliyesema wawili watakuwa mwili mmoja hakereki mke akitaka kuishi na mumewe.

Kitakachobadilika ni namna unavyokaa ukisubiri. Sasa hivi unakaa Makete kama abiria aliyeshuka kituo kisicho chake, begi mkononi, macho barabarani. Ndiyo maana kila kitu mtaani kinakuumiza: wimbo ukianzia juu unaumia, matangazo yakirefuka unaumia, kabeji likinadiwa unaumia.

Tuje kwenye kanisa lenyewe. Unauliza kama linakutosha. Ungejua nina hamu kiasi gani ujue hilo "dogo" limetoka wapi! Wamisionari wa Kijerumani kutoka Berlin walifika nchi ya Wakinga mwishoni mwa karne ya 19. Kisha zikaja vita kuu mbili, na kila mara Wajerumani waliondolewa. Walioshikilia sharika, kwa sehemu kubwa, ni walimu na wainjilisti wenyeji, wakulima kama huyo wako, wenye Biblia moja na shamba la kulima. KKKT yenyewe ilizaliwa Juni 1963 kwa kuunganishwa makanisa saba yaliyokuwa yamevuka vipindi vya namna hiyo. Usharika wako mkubwa wa Dar umesimama juu ya mabega ya mitaa ya aina hiyo, yenye mwinjilisti mkulima na mama anayeanzisha wimbo. Kwa hiyo ukiingia mle ndani usidhani umeingia kwenye nakala hafifu ya kanisa la mjini. Umeingia kwenye mzizi.

Na watu wake? Njombe ndio mkoa wenye kiwango kikubwa kuliko yote cha maambukizi ya VVU nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani humo, wakati taifa zima ni asilimia 4.4. Makete iliumia mapema, kabla dawa hazijafika vijijini, na kizazi kizima cha bibi kilibaki kulea wajukuu. Sisemi kwamba watoto wa bibi yako walikufa kwa ugonjwa huo. Hilo si letu kuulizia. Nasema tu kwamba unapohesabu watu thelathini, unahesabu waliobaki. Wewe unaona mabenchi matupu, nami nahisi Mungu, akitazama mabenchi yaleyale, anajua majina ya waliokuwa wakiyakalia.

Ufunuo sura ya 2 na ya 3 ni mahali pazuri pa kuona jinsi Bwana anavyoyatazama makanisa. Kuna barua saba kwa makanisa saba, katika nchi ambayo leo tunaiita Uturuki. Mawili tu hayakukemewa: Smirna na Filadelfia. Smirna aliambiwa, "Naijua dhiki yako na umaskini wako, lakini u tajiri." Filadelfia aliambiwa ana nguvu kidogo, na kwamba kwa nguvu hizo kidogo amelitunza neno. Laodikia ndiyo iliyokuwa na mali. Mji ule ulipobomolewa na tetemeko mwaka 60 B.K. ulijijenga wenyewe bila kumwomba Kaisari msaada, na kanisa lake likaanza kusema vilevile, halina haja ya kitu. Hilo ndilo lililoambiwa kwamba Bwana yuko mlangoni anabisha.

Hata hivyo usije ukaniandikia baadaye kwamba nilikudanganya: udogo hauleti utakatifu. Kanisa dogo linaweza kutawaliwa na ukoo mmoja. Siri yako ya Jumapili inaweza kufika kisimani Jumatatu. Watu wachache wakikosana, hakuna pa kujificha, na ugomvi wa shamba unaingia mpaka kwenye zamu ya kufagia kanisa. Utayaona hayo ukikaa. Mtazamo wa Mungu haufumbi macho kwa uchafu. Barua zile saba zinauanika waziwazi. Ila yeye hukemea akiwa katikati ya vinara vya taa, ambavyo ndiyo makanisa yenyewe, ndani, na wewe bado uko kilimani.

Ibada ya simu, basi. Siikatai. Jioni ya Jumapili, ukiwa na bando, sikiliza kwaya yako ya zamani, ufarijike. Asubuhi nenda mtaani. Simu inaweza kukuletea mahubiri mazuri kuliko ya mwinjilisti, lakini haiwezi kukupa Chakula cha Bwana, na haiwezi kukushika mkono mlangoni ikakuuliza mumeo anaitwa nani. Ukiugua huko siku moja, ni nani atajua hukuonekana?

Kuhusu mnada nataka nikwambie jambo, kwa sababu naona umeuchukulia kama kodi ya mwenye mshahara. Bibi asiye na fedha anatoa mayai. Mayai yale hayalipi nauli ya mchungaji wala hayanunui bati mpaka mtu mwenye fedha ayanunue. Sadaka yake inaanzia mkononi mwake na inakamilika mkononi mwako. Wanapokutazama, wengi wao wanasubiri kuona kama utakubali kushirikiana nao. Jiwekee kiasi kila mwezi, nunua kitu kimoja, hata tray ya mayai tu, ukipandiwa bei cheka uache. Hakuna atakayekulaumu kwa kabeji lililokushinda.

Sasa namna ya kutafuta, maana umeniuliza maana yake "hasa". Ukiomba asubuhi, kabla hujafika kwenye ombi la uhamisho, muulize Mungu: Bwana, shule hii unaionaje? Huyu mtoto wa kidato cha pili anayesinzia darasani unamwonaje? Na mimi unanionaje? Kisha kaa kimya kidogo. Usitarajie sauti. Mara nyingi jibu halina ngurumo. Mchana unajikuta umemwona mtu uliyekuwa unampita. Umegundua yule anayesinzia anaamka alfajiri kuchota maji kwa bibi yake. Andika. Pima ulichoona kwa Maandiko, na kimjadili na mtu mmoja aliyekomaa. Tafadhali usianze kusema "Mungu ameniambia" kwa kila wazo, hapo utakuwa umerudi kwa Hanania kwa mlango wa nyuma.

Usifike mtaani na mpango wa kurekebisha. Wewe bado mgeni. Najua umeimba kwaya tangu kipaimara na unajua kabisa wimbo ule unatakiwa uanzie wapi. Subiri. Kaa jirani na mama anayeanzisha nyimbo, imba sauti ya pili, jifunze wanavyoimba wao. Siku atakapokugeukia mwenyewe akakwambia "mwalimu, leo anzisha wewe", utaanzisha. Watoto ndio unaweza kuwaanza mapema. Mwulize mwinjilisti kama Shule ya Jumapili ina mwalimu, na akisema hayupo, umeshapata bustani yako ya kupanda. Kuna watu wanatoka nchi za mbali kuja kuona maua ya hifadhi ya Kitulo, hapohapo Makete, ambako wenyeji wamepaita Bustani ya Mungu. Masika haya panda ukaone, usingoje barua ya kuondoka.

Juma hili fanya mambo mawili. Nenda kwa bibi, nyumbani kwake, mchana, na sukari au sabuni mkononi. Mwambie jina la mume wako. Alikuuliza kwa sababu anataka kumtaja akiomba, na wewe mwenyewe unajua ni watu wangapi Dar wanaokusoma kwenye kundi la WhatsApp bila kumtaja mumeo hata mara moja. Mwulize naye majina ya watoto wake aliowazika, kama atapenda kuyasema, na uyataje ukiomba.

La pili, mwalike mumeo. Mmekuwa mkizungumza uhamisho tu, kwenye simu, kila mtu na uchovu wake. Likizo ijayo badala ya wewe kushuka Dar, apande yeye. Aketi nawe kwenye benchi lile, aone unapolala, aone wanafunzi wako wanavyokusalimia njiani. Kisha kaeni wawili mpange: mtafuatilia uhamisho mpaka lini, nani atakwenda kumwona nani, na kama ikichelewa mtaonana kila baada ya muda gani. Pigeni hesabu za nauli kwa karatasi na kalamu. Likizo ikiangukia Juni, mwambie aje na koti zito, la Dar halitamfaa.